Unga wa Mtu wa Kwanza

Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Langu lilikuja Jumanne mchana, nimeinamia cherehani napandisha pindo la sketi ya mteja. Lililetwa na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye miguu yake haijapata kuchoka akiwa amebeba neno.

"Wifi, mimi si mmbea, unanijua," alianza, na yeye akianza hivyo ujue chungu kimeshaiva. "Lakini binti yako anakula mkate kwa kificho."

"Nani kasema?"

"Macho yangu haya mawili. Getini shuleni, kwa muuza mikate. Amekumbatia mkate mzima, wifi. Mzima! Si kipande."

"Umemwona anakula?"

"Sasa mtu akikumbatia mkate anaupeleka wapi, kuuogesha?"

Sindano ikanichoma kidole, tone la damu likaangukia sketi ya watu. Na lile neno likaingia kichwani mwangu likakaa, kama mgeni aliyekuja na godoro lake.

Naandika haya kwa ajili yako, mama mwenzangu ambaye mtoto wako amekatazwa ngano, umeiacha, na bado haponi. Mimi nimeishia shule ya msingi, usitafute maneno makubwa humu. Tafuta kosa langu ulikwepe.

Binti yangu ana miaka kumi na moja. Nyumbani tunamwita Kijiti, jina alilopewa na baba yake kwa mzaha kabla hatujajua kwamba ule wembamba ni ugonjwa, na sasa limeganda. Miaka miwili aliharisha. Tumbo limevimba, miguu kama njiti za kiberiti, vidonda mdomoni, damu pungufu, akipanda ngazi tatu anatafuta pa kukaa. Tukaambiwa minyoo. Tukaambiwa maziwa. Tukaambiwa na wifi kwamba kuna mtu ana kijicho. Mwisho, hospitali kubwa walimpima damu, wakamwingiza mrija mwembamba kupitia mdomoni, wakachukua kinyama cha utumbo, wakasema ni siliaki.

Maana yake kwa lugha yetu ni hivi: ngano ikiingia tumboni, mwili wake unadhani umevamiwa na adui. Unaanza kupigana, na kinachoumia katika vita hiyo ni utumbo wake mwenyewe. Si ngano tu, hata shayiri, na nafaka nyingine inaitwa rai. Kidonge hakuna, sindano hakuna. Dawa ni kuacha, maisha yote, hata chembe.

Sikia hilo neno chembe. Mimi nililisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Nikarudi nyumbani nikatoa mikate, biskuti, keki, tambi, na unga wa ngano nikampa wifi. Mimi ni fundi cherehani, uzi sikosi. Nikachukua uzi mwekundu nikafunga kwenye kijiko cha Kijiti, kwenye shikio la kikombe chake, na kwenye mkono wa sufuria yake ndogo. Sahani yake haina pa kufungia, nikaishonea mfuko wa kitambaa chekundu. Nikawaambia wote nyumbani, yaani mume wangu na mimi mwenyewe: chenye uzi mwekundu hakiguswi. Nikakaa nikasubiri mtoto anenepe.

Wiki ya kwanza akapata nafuu kidogo. Mwezi wa tatu tumbo lilikuwa palepale. Mwezi wa tano tukarudi kliniki, na yule muuguzi wa lishe, mwanamke mpole mwenye miwani ya kamba, akafungua faili akakunja uso.

"Kipimo hakijashuka inavyotakiwa, mama. Ngano bado inaingia."

"Kwangu haiingii, dada."

"Inaingia."

"Nimekwambia nimeitoa yote! Hata mimi siku hizi naonja mkate kwa macho."

Akavua miwani. "Mama, damu haina sababu ya kukusingizia. Nenda nyumbani ukatafute mlango inaopitia. Miezi mitatu ijayo mrudi. Kama kipimo kitakuwa palepale itabidi tumlaze, tumwingize mrija tena, tuangalie kama utumbo unaharibika zaidi au kuna ugonjwa mwingine unaohitaji dawa kali."

Kijiti alikuwa amekaa pembeni yangu. Aliposikia mrija akanishika kitenge. Ile mara ya kwanza alilia mpaka sauti ikakatika, na mimi nilikuwa nje ya mlango nasikia.

Basi nikaanza kusaka. Na nikuambie, nyumba ya vyumba viwili ina milango mingi kuliko unavyodhani.

Wa kwanza kumkamata alikuwa mume wangu. Yeye mkate wake wa asubuhi hakuuacha, anaula kazini, lakini Jumapili anauleta ndani. Nikamwona anapaka siagi, kisu kinatoka kwenye mkate kinarudi kwenye kopo, kinatoka kinarudi, na kopo ni lilelile la Kijiti. Nikalichungulia. Chembe za mkate zimejaa humo kama mchwa.

"Baba Kijiti! Unafanya nini?"

"Napaka siagi."

"Unampaka mtoto sumu!"

"Sasa siagi ina ngano?"

"Kisu chako kina ngano!"

Akakitazama kile kisu mbele na nyuma, kama askari anayetafuta namba ya usajili. "Mbona siioni?" akasema. Mungu anipe subira.

Nikanunua kopo jingine la siagi, nikalifunga uzi. Mwiko wa mbao nikautupa, kwa sababu mbao hunywa, na ule mwiko ulisonga ngano miaka saba. Chekeche nalo likaenda, maana hata ulisugue vipi, kwenye zile nyavu ngano ya zamani haikosekani. Mafuta yaliyokaangiwa vitu vya ngano nikayamwaga. Nikasoma maandishi ya pakiti mpaka macho yakavuja: soseji zina ngano, sosi nyeusi ya soya ina ngano, vile vimchemraba vya kutia ladha kwenye mchuzi vina ngano, na kinywaji cha unga cha kutia nguvu, ambacho mimi mwenyewe nilimnunulia ili apate nguvu, kina kimea, na kimea ni shayiri. Nilikaa kwenye sakafu ya duka na ile pakiti mkononi nikacheka peke yangu. Muuza duka akaniuliza kama niletewe maji.

Kila mlango nilioufunga nilisema sasa basi. Wiki inapita, Kijiti anarudi kutoka msalani ameshika ukuta.

Ndipo wifi akaja na mkate wake uliokumbatiwa.

Sasa niambie, ungefikiri nini? Nimeziba kila tundu. Muuguzi anasema damu haisingizii. Aliyebaki ni nani? Jioni ileile, jua bado lipo, Kijiti hajavua hata sare, nikamsimamisha katikati ya chumba.

"Fungua mdomo."

"Mama?"

"Nimesema fungua."

Nikamnusa kama paka. Nikapekua begi, nikageuza mifuko ya sketi nje, nikakuta kipande cha chaki na kifungo.

"Mkate uko wapi?"

"Mkate gani?"

"Shangazi yako amekuona. Umekumbatia mkate mzima getini."

Akaelewa, nikaona ameelewa, na kule kuelewa kwake mimi nikakuona ndiko kukiri. "Mama, ule wa mwalimu. Mwalimu hunituma."

"Mwalimu akutume wewe, mgonjwa wa ngano, kati ya watoto mia nne? Hata uongo nao una adabu yake, mwanangu!"

"Mama, mimi sijala."

"Unajua watakulaza? Unajua watakuingiza ule mrija?"

"Najua! Ni mimi niliyeingizwa, si wewe!"

Nikainua mkono. Namshukuru Mungu haukufika. Lakini mdomo ulikuwa umeshafika: nilimwita mwizi. Mwizi wa afya yake mwenyewe, nikasema, na nikaona limesemwa vizuri.

Kesho yake nikaanza ulinzi. Saa ya mapumziko naacha cherehani, naenda shuleni, namtoa, nakaa naye kwenye benchi la mlinzi mpaka kengele. Chakula chake nabeba mimi, na mara kwa mara namnusa tena mdomo. Mlinzi wa geti, mzee wa utani, kila akiniona ananipigia saluti: "Karibu, afande wa mikate!" Watoto wenzake wakacheka. Kijiti hakucheka. Siku ya tatu nikakuta amefungua nyuzi zote nyekundu, kwenye kijiko, kwenye kikombe, kwenye sufuria, amezikunja vizuri na kuziweka juu ya cherehani yangu.

"Hizi za nini?" nikamuuliza.

"Mwizi hawekewi alama," akasema.

Hapa lazima nikueleze habari za mashine, maana ndiko tunakokwenda.

Chakula chetu kikubwa ni unga wa mahindi. Mahindi hayana ubaya kwake, muuguzi alisema hivyo. Nanunua mahindi yenyewe, nachambua punje moja moja, naosha, naanika, napeleka mashineni. Msagaji wetu tunamwita Vumbi, kwa sababu kuanzia kope mpaka viatu ni mweupe, na akipiga chafya watu wa mstari wa mbele wanafumba macho. Mtu mwema sana. Nilijua kwamba mashine ile ile inasaga vitu vingi, sikuwa mjinga kiasi hicho. Kwa hiyo nilifanya hesabu yangu: nikiwa wa kwanza asubuhi, kabla mtu yeyote hajatia kitu chake, mashine itakuwa safi. Nilijiona nina akili kama wakili.

Basi kila Jumamosi, jua linachomoza, mimi nipo mlangoni na ndoo yangu. Mtu akitaka kunipita tunagombana. Mara moja nilikaa juu ya ndoo ya mama mmoja ili asiisogeze. Wakanipa jina, Mama wa Kwanza. "Jamani pisheni, Mama wa Kwanza kafika, mahindi yake yana ndege ya kuwahi!" Wacheke. Mimi niwe wa kwanza tu.

Vumbi hakuniuliza kwa nini, na mimi sikumwambia. Niliona aibu mtaa ujue nina mtoto mwenye ugonjwa wa ajabu. Na hilo ndilo kosa lililozaa yote, ingawa wakati ule sikulijua.

Wiki ya pili ya ulinzi wangu, mashine ikavunjika. Kifaa kimeagizwa, tukaambiwa tusubiri. Unga uliobaki ukaisha, tukala wali na viazi, mayai, maharage, ndizi, wiki mbili nzima. Na Kijiti akaanza kupona. Nakuambia kitu nilichokiona: vidonda vya mdomo vikafunga, tumbo likalala, akaomba chakula cha pili. Siku moja nikamkuta anaruka kamba uani. Anaruka, mtoto aliyekuwa anapumzika akifunga viatu!

Nami nikafanya nini? Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni, nikasema, "Umeona? Ukichungwa unapona."

Kamba ikasimama. Akaniangalia, akaikunja, akaingia ndani.

Mume wangu alikuwa anatengeneza pasi. Akasema taratibu, "Mama Kijiti, na kama hakula?"

"Mbona anapona basi?"

"Sijui. Nauliza tu."

"Ukijua uniambie. Wewe hata ngano kwenye kisu huioni."

Akarudi kwenye pasi yake.

Wiki iliyofuata mashine ikapona. Nilisikia mngurumo wake kutoka kitandani Ijumaa mchana, nimejilaza kwa kuumwa kichwa, nikafurahi kama nimeletewa posa. Kumbe Vumbi alikuwa anamalizia viporo vya watu waliosubiri wiki mbili. Mimi nikasema Ijumaa siendi kugombania vumbi la watu, nitakwenda kesho niwe wa kwanza. Nikawa wa kwanza. Nikarudi na unga bado una joto, nikamkorogea Kijiti uji kwenye sufuria yake, kwa mwiko mpya. Akanywa vikombe viwili mbele yangu.

Siku hiyo shule hakuna. Nilikuwa na magauni matatu ya harusi ya watu, nikamweka pembeni ya cherehani akinishonea vifungo. Hakutoka. Msalani alikwenda nikimwona. Mchana akala ugali wa unga uleule na mboga. Saa tisa hivi akaacha sindano, akajikunja. Tumbo likaanza kujaa huku nalitazama. Kisha mbio msalani, kisha tena, kisha tena. Aliporudi mara ya tatu uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, akaketi kwenye kigoda kilekile, akaokota gauni lilelile.

"Mama," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Leo nimekuwa na wewe siku nzima. Nimeiba wapi?"

Cherehani ilikuwa inazunguka, nikaiacha ikazunguka mpaka uzi ukakatika.

Mlinzi wa mikate ni mimi. Mpishi ni mimi. Aliyempa kikombe ni mimi. Kama leo kuna mwizi chumbani humu, basi ana futi ya kupimia shingoni na vidole vina alama za sindano.

Nikabeba ndoo ya unga kichwani nikaenda mashineni vilevile nilivyo. Kulikuwa na foleni. Mbele walisimama wanawake watatu wenye madebe, na walichokuwa nacho kwenye madebe kilikuwa chekundu-chekundu na chembamba. Nikatia mkono. Ngano.

"Hii mnasaga hapa?"

"Kila jioni, mama," mmoja akasema. "Sisi tunaoka mikate ya unga usiokobolewa. Asubuhi foleni ya mahindi ni ndefu, jioni ndiyo zamu yetu."

"Na jana?"

"Jana? Jana tulimwaga mlima! Wiki mbili tulikuwa tumekaa bure."

Nikampigia kelele Vumbi mpaka akazima mashine.

"Baba, jioni unasaga ngano. Asubuhi kabla yangu unaisafisha vipi hii mashine?"

Akashangaa. "Kuisafisha? Mama wa Kwanza, mashine hii ina njaa. Ukiisafisha kabisa, mtu wa kwanza ndiye anayeumia. Inameza unga wake, unabaki kwenye mawe na kwenye kona huko ndani, mtu anaondoka ndoo imepungua, ananiita mwizi. Wa kwanza wote walikuwa wakinitukana."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siisafishi. Unga wa jana unabaki ndani, wako ukiingia unausukuma nje. Hupungukiwi." Akatabasamu, meno yakaonekana kwenye ule weupe. "Na wewe ninavyokuheshimu, mteja asiyekosa Jumamosi, nakuongezea. Unaona huu mfuko wa kitambaa mdomoni mwa mashine? Unashika unga wa jana kama kilo hivi. Wengine siwapi. Wako naukung'uta wote kwenye ndoo yako kabla hujaanza. Hujawahi kuona ndoo yako inavyojaa?"

Nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimeona, nikasema Mungu anabariki wanaowahi.

Kila Jumamosi, kwa zaidi ya miezi sita, niligombana na kukalia ndoo za watu ili mwanangu apate ngano yote ya jana peke yake. Ningekuwa wa kumi angepata kidogo. Nilikuwa wa kwanza, akapata yote.

Nikakaa chini pale pale kwenye pumba. Nikawaambia wote, Vumbi, wanawake wa ngano, foleni nzima, ile habari niliyoificha: binti yangu ana ugonjwa, ngano inamla utumbo, hata chembe. Vumbi akavua kofia.

"Sasa mama, si ungesema? Neno moja tu! Mimi nilidhani unapenda kipimo kijae."

"Ningesema ungefanya nini?"

Akafikiri, mtu mkweli yule. "Ningekwambia usisage hapa. Mashine hii siwezi kuitoa ngano hata nikiifungua skrubu zote."

Yule mwoka mikate akanisaidia kusimama, akanikung'uta mgongo. Halafu akasita akatazama viganja vyake, vyeupe kwa ngano, akasema, "Uwii, samahani, nimekupaka tena." Tukacheka, mimi huku machozi yananitoka. Nguo niliibadilisha kabla sijamgusa mtoto.

Nilimkuta amelala ubavu, miguu kaikunja. Kuomba radhi kwa mtoto hawakutufundisha. Nilizunguka chumba mara mbili, nikapanga vifungo vilivyokuwa vimepangwa. Mwisho nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Unga," nikasema. "Ni unga wangu. Mashine imejaa ngano na mimi nilikuwa naikomba yote nakuletea. Hukuiba. Ulisema hukula, na hukula."

"Umeninusa mdomo siku ngapi?" akauliza.

"Sikuhesabu."

"Kumi na moja. Mara mbili mbele ya watu."

"Nisamehe, mwanangu."

Akageukia ukutani. Nikadhani ndiyo imekwisha. Kumbe alikuwa anafikiri masharti.

"Mwambie na shangazi. Akija, mbele yangu. Na umuulize mwalimu."

Jumatatu nikamuuliza mwalimu. Akacheka, "Ndiyo, mkate wa chai yetu ofisini namtuma yeye, umefungwa kwenye mfuko wake. Wengine wote nikiwatuma unafika kona zimemegwa. Kijiti ndiye pekee ambaye mkate unafika mzima." Nikasimama pale mbele ya ubao nikiwa sina pa kuuweka uso wangu. Nikamwomba amtume kitu kingine, na nikamweleza ugonjwa, jambo ambalo nalo sikuwa nimelifanya vizuri.

Wifi alikuja Jumanne, siku yake ya maneno. Nikamweleza yote mbele ya Kijiti: mashine, mwalimu, mkate. Nikasema, "Mtoto hakula, wifi. Tulimsingizia."

Wifi akarekebisha kilemba. "Tulimsingizia na nani? Mimi nilisema nimemwona ameukumbatia. Sikusema ameula. Kula uliongeza wewe."

Kijiti akacheka mpaka akashika tumbo, safari hii kwa kicheko. Nikamwona anainuka, anachukua uzi mwekundu juu ya cherehani, anaanza kufunga kijiko chake. Alifunga mafundo matatu.

Sasa natwanga mahindi nyumbani kwa kinu kipya ambacho hakijaonja kitu kingine, mabega yananiuma kila Jumamosi, na wiki nyingine tunakula wali tu, liwalo na liwe. Tuliporudi kliniki, miezi mitatu ile ilipotimia, muuguzi alifungua faili akapitia karatasi moja moja, nami nikaanza kuokota nyuzi kwenye sketi yangu. Kisha akasema kipimo kimeshuka. Hakijafika chini kabisa, utumbo unachukua muda kupona, lakini kimeshuka, na mrija hauna haja kwa sasa. Kijiti akauliza, "Kwa sasa mpaka lini?" Akajibiwa, mpaka mama yako afungue mlango mwingine. Wote wawili wakanitazama.

Hivi ndivyo vya kuepuka. Vibandike ukutani jikoni.

Unga uliosagwa kwenye mashine inayosaga na ngano, hata kama ni mahindi, mtama au mchele. Hasa ule wa mtu wa kwanza.

Mwiko wa mbao, ubao wa kukatia na chekeche vilivyowahi kushika ngano. Hakuna kuosha, toa.

Kopo moja la siagi, jamu au asali kwa nyumba nzima. Kisu kinatoka kwenye mkate kinarudi humo.

Mafuta yaliyokaangiwa vitu vya ngano, hata kama wewe unakaangia viazi. Viazi vya kuuzwa barabarani uliza kwanza, na ukijibiwa "usijali", ondoka.

Soseji, vimchemraba vya mchuzi, sosi ya soya, supu za pakiti, mpaka usome maandishi. Kila ukinunua soma tena, maana wanabadilisha.

Vinywaji vya kimea. Kimea ni shayiri.

Oti, zile nafaka bapa za pakiti za uji wa kifungua kinywa, mpaka kliniki wakuambie zipi na lini.

Nafaka za kupima kwa kopo dukani, kama kopo la mchele ndilo la unga wa ngano.

Maji yaliyochemshiwa tambi kutumika tena. Sufuria ya mtoto ipikiwe kwanza, za wengine baadaye.

Dawa bila kumuuliza muuza dawa kama ina ngano ndani.

Kuona aibu kusema. Mwambie mwalimu, msagaji, shangazi, muuza duka.

Kumnusa mtoto mdomo.

Kuacha kurudi kliniki kwa kuwa umeona nafuu, au kwa kuwa umechoka. Dalili zikibaki, rudi, damu ipimwe, na kabla ya kutoka nyumbani kapekue kwanza ndoo yako ya unga.